Ukuta Usio na Mlango

Ukija nyumbani kwangu Makandana utaona mstari uwanjani, unaanzia pembe ya jiko na kwenda mpaka kwenye uzio wa jirani. Majani hayaoti pale. Mvua yetu ya Tukuyu, ambayo huotesha majani hata juu ya bati, imeshindwa. Wageni huniuliza kama hapo lilipita bomba la maji. Mimi huitikia kwamba ndiyo, ni bomba, maana si kila mgeni anastahili kusimuliwa mambo yote kabla hata hajamaliza chai yake. Ukweli ni kwamba pale palisimama ukuta kwa miaka sita. Niliujenga mwenyewe, nikaubomoa mwenyewe wiki ya pili baada ya matanga ya baba yangu.

Kinachoniudhi ni kwamba siwezi kujitetea kuwa sikujua kuta. Nilipokuwa kijana nilipelekwa Berlin, upande wa mashariki, kusomea ufundi wa mitambo. Ule ukuta wao niliuona kila siku nikienda darasani. Haukuwa mzuri wala wa kutisha kama watu wanavyodhani. Ulikuwa zege la kijivu, refu kuliko mtu, na nyuma yake mchanga uliosawazishwa vizuri ili unyayo uonekane. Baada ya mwezi mmoja nikaacha kuutazama. Hilo ndilo jambo baya la kwanza ninalolijua kuhusu kuta, kwamba mtu huzizoea upesi.

Sisi wageni wenye pasipoti zetu tuliruhusiwa kuvuka. Unakwenda kwenye kituo cha treni, unasimama foleni, askari anakukagua uso kana kwamba umeuiba, kisha unapita. Wenyeji hawakupita. Mama aliyekuwa akifanya usafi kwenye bweni letu alikuwa na dada yake upande wa pili, mahali ambapo bila ukuta angefika kwa miguu kabla chai haijapoa. Siku moja aliniomba jambo dogo tu. Hakunipa barua wala mzigo. Alitaka nikivuka nipite mbele ya nyumba ya dada yake nitazame madirishani, nije nimwambie kama kuna mapazia. Kama kuna mapazia, basi bado anakaa mtu.

Nilivuka. Nilikwenda kununua redio. Nilipomaliza kununua redio nilikuwa nimechoka, kuna baridi, na mtaa wenyewe siujui. Nikarudi nikamwambia mapazia yapo, meupe. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, nami nikazipokea zile shukrani kama mtu aliyezifanyia kazi.

Nilirudi nyumbani, nikapata kazi kwenye kiwanda cha chai. Habari ya kuanguka kwa ukuta ule ilinikuta Kisiba kwa wazazi wangu, kwenye redio ile ile, mvua za kwanza zikipiga bati mpaka ikabidi niibandike sikioni. Nilifurahi sana, kisha nikafikiria kwamba sasa yule mama atakwenda kuyaona mapazia kwa macho yake, na furaha ikanikauka. Nikamsimulia baba habari za ukuta, ila ya mapazia nikaimeza.

Baba alikuwa mkulima wa migomba, mtu wa maneno machache, Kiswahili chake kimelala kwenye Kinyakyusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hao bantu walikuwa wakwe?"

"Wakwe kivipi, baba?"

"Wa kuogopana. Kama mukamwana na baba mukwe."

Nilicheka. Hakuwa anatania. Kwetu, kwa desturi ya zamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani, anachuchumaa, anajifunika kanga kichwani mpaka mzee apite. Hamtazami usoni, halitamki jina lake. Baba hakuwahi kusikia watu wa ukoo mmoja wakitengwa kwa sababu nyingine isipokuwa heshima. Nikamweleza kuwa pale palikuwa na bunduki. Akatikisa kichwa muda mrefu.

"Basi si heshima," akasema. "Na mulango ulikuwapo?"

Nikamwambia ulikuwapo wa wageni tu. Akasema huo si mlango.

Miaka ikapita, nikaoa. Mke wangu ni muuguzi, mwenyeji wa Singida, aliyepangiwa kazi huku. Shangazi yangu alipokaa naye kumfundisha mambo ya mkwe, mke wangu alishangaa waziwazi. "Kwetu baba mkwe unampelekea maji ya kunawa," alisema. "Huku mnamkimbia kama simba?"

"Hatukimbii, mwanangu," shangazi akamjibu. "Tunamwogopa. Ni heshima hiyo."

Nilidhani atapuuza. Wasichana wa hapa hapa walikuwa wameshaanza kulegeza, wengine wakiwasalimia wakwe zao kanisani bila wasiwasi. Mke wangu, kwa kuwa ni mgeni na hakutaka watu waseme kwamba nimeoa asiye na adabu, aliishika desturi kuliko wenyewe. Tulipokwenda Kisiba alikuwa wa kwanza kuingia migombani. Hata picha ya baba sikuitundika nyumbani kwetu, kwa sababu akiiona aligeuka. Baba naye alimsifu kwa watu wote, kwamba amepata mkamwana. Walipendana sana wale wawili, na hawakuwahi kutazamana.

Mama alipofariki, baba hakuweza kubaki peke yake. Nilimleta Makandana nikampa chumba cha uani chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Ikawa shida. Uwanja ni mmoja na bomba ni moja. Mke wangu akirudi kazini alijificha nyuma ya tangi mpaka mzee aingie ndani, na mzee, kwa kumhurumia, akawa hatoki kabisa. Mtu aliyeishi maisha yake yote shambani akawa anashinda kitandani, akitega sikio kujua kama kuna hatua za mwanamke. Nilimkuta siku moja anamwomba jirani amchungulilie kama anaweza kwenda chooni. Iliniuma.

Ndipo nikaita fundi. Hapo watu wenye methali zao hunikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapakuwa na ufa. Nilijenga kwa mapenzi, na sijui kama hilo linapunguza au linaongeza.

Fundi alipofika katikati aliniuliza, "Mzee, mlango tunauweka wapi?"

"Hakuna mlango."

"Hata mdogo? Mtu akitaka kupita?"

Nilimwambia kwamba ukuta wenye mlango utawatesa, kila mmoja atakuwa anakodolea mlango mwenzake asitokee. Aache tundu la kupitishia sahani, inatosha. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma Ulaya. Fundi akaacha tundu la upana wa sinia, akalisakafia vizuri. Ukitaka kwenda upande wa baba unatoka getini, unazunguka kiwanja cha jirani, unatokea barabarani.

Na sitasema uongo, mwanzoni ulifaa. Baba akarudi kuota jua. Akapanda maboga. Mke wangu akatembea uwanjani kwake kichwa wazi. Wakati wa chakula aliweka sahani kwenye tundu, akagonga mara mbili, akaondoka. Baba akakohoa, akachukua. Kikohozi hicho kilikuwa na maana zake. Kirefu kilikuwa cha kusema ndaga fijo, ahsante sana, na kilikuja zaidi akipikiwa mbalaga, ndizi zetu za kupika, za maharage. Naye hakurudisha sahani tupu. Aliirudisha na maharage aliyopukuchua, au maua ya maboga. Nilikuwa nikiwasikiliza nikajiona mtu mwenye akili.

Yule mama wa bweni nilimkumbuka mara chache. Nilimfukuza kichwani kwa kujiambia kwamba huku kwetu hakuna bunduki.

Asubuhi ile ilikuwa ya kipupwe, ukungu umekaa mpaka kwenye vizingiti. Mimi nilikuwa kiwandani. Mke wangu aliweka chai na viazi kwenye tundu, akagonga mara mbili, akasubiri. Hakusikia kikohozi. Akagonga tena. Akasikia kigoda kikianguka, kisha kitu kizito, kisha sauti ya mtu anayejaribu kusema.

Aliinama kwenye tundu akaita, "Baba!" Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. Mkono ungepita pale, mtu asingepita. Akatoka getini mbio, akazunguka kwa jirani, akaangukia kwenye tope, akainuka, akafika barabarani akasukuma mlango wa mzee. Baba alikuwa sakafuni, uso ameuelekeza chini ya kitanda, mkono na mguu wa upande mmoja umelala kama si wake. Mke wangu ameona kiharusi mara nyingi kuliko alivyoona sinema. Alijua hapo hapo.

Baba alijua pia ni nani aliyeingia. Kwa ule mkono uliobaki alivuta blanketi kutoka kitandani akajifunika kichwa.

"Toka, mwanangu," alisema, kwa ulimi mzito. "Toka. Usinione hivi."

Mke wangu hakuwa amewahi kumtii mgonjwa. Wagonjwa wanamwogopa. Siku ile alisimama pale, mikono ameinyoosha, kisha akatoka. Alitafuta mwanaume mtaani wa kumwinua mzee. Wote walikuwa mashambani na makazini. Akanipigia simu. Nilipofika kwa bodaboda nilimkuta amekaa chini nje ya mlango wa baba, mgongo ameuegemeza kwenye ubao, kanga kichwani, anamfundisha kwa sauti ya hospitalini: lala kwa ubavu, baba, usimeze kitu, baba, mwanao anakuja.

Tulimpeleka hospitali. Jioni hakuifikia. Daktari aliniambia kwa upole kwamba hata angewahi, pengine isingesaidia. Hilo neno "pengine" nimelala nalo kitanda kimoja tangu siku ile. Najua pia kwamba hata ningeweka mlango, baba angejifunika vile vile. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini mlango unafungwa na kufunguliwa, na labda katika miaka sita siku moja ungesahauliwa wazi, wakaonana kwa bahati mbaya, wakacheka, ikaisha. Nilihakikisha bahati mbaya kama hiyo haitokei.

Mke wangu hakunilaumu, afadhali angenilaumu. Alisema mara moja tu, akifua. "Nimewageuza baba za watu vitandani maisha yangu yote. Nimewavua, nimewaosha. Wa kwangu nimemwacha sakafuni." Kisha akaendelea kufua.

Tulimzika Kisiba, migombani, karibu na mama. Kabla ya kuzika, watu walipita kutoa heshima za mwisho, jeneza limefunguliwa sehemu ya uso. Wanaume wakapita, wanawake wakaanza. Mke wangu alikuwa amekaa mbali, nyuma ya wapishi, kanga imeshuka mpaka kwenye pua. Nilimwona shangazi anakwenda kumshika mkono.

"Twende ukamuage baba yako," alimwambia. "Sasa hakuna cha kuogopa."

Alikataa kwa kichwa. Shangazi hakumwachia. Wakaja polepole, watu wakawapisha, na minong'ono ikanyamaza. Mke wangu alipofika aliiondoa kanga kichwani mwenyewe. Watu husimama pale kidogo tu, wakapita, maana foleni ni ndefu. Yeye alisimama. Mchungaji akakohoa, yeye bado amesimama. Hakulia. Alimtazama mzee kama anavyomtazama mgonjwa mpya, kuanzia paji la uso kushuka, bila haraka. Shangazi ndiye aliyemwondoa.

Jioni, watu walipopungua, nilimkuta mke wangu kwenye jiko la nje, kaka na binamu zangu wanaongea mbali kidogo. Nilikaa mbele yake kwenye kigogo. Aliinua macho akanitazama vile vile, kuanzia paji la uso, muda mrefu mpaka nikaona haya kama mtoto.

"Miaka kumi na tisa," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia kwamba unafanana na baba."