AC Iliyokataa Kuharibika Mjini

Mwanangu, katika siku zote nilizoshika spana hapa Eldoret, iko moja ambayo nikiikumbuka hata leo natamani kusimama nipige vigelegele. Ilikuwa Ijumaa, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya ghasia za uchaguzi. Siku hiyo AC ya gari la mteja iligoma kabisa, tukiwa mbali na gereji, kwenye joto la kuchoma, na mimi fundi wake nikarukaruka kwa furaha. Najua unacheka. Fundi gani hufurahi gari likiharibika? Tulia nikueleze, kwa sababu kabla ya furaha hiyo nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nyinyi wanafunzi wangu mnaoniita Mama Fundi mnadhani nilizaliwa na akili hizi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, msichana pekee katika karakana ya kampuni moja iliyouza magari mapya. Nilishughulikia umeme na AC, na nilijiona si haba. Overoli yangu ilipigwa pasi kila asubuhi! Magari yaliyouzwa pale yalikuwa na waranti. Kitu kikiharibika ndani ya muda uliowekwa, kampuni hutengeneza na mteja halipi chochote. Ila ilikuwa lazima fundi aione kasoro kwa macho yake na kuiandika kwenye kadi ya kazi. Asipoiona, anaandika "hakuna kasoro" na kutia sahihi, kisha mteja anarudishiwa ufunguo wake.

Ndipo akaja Mama Chebet. Alikuwa mama wa makamo kutoka bonde la Kerio, mrefu, sauti yake ya kuamrisha mifugo. Biashara yake ilikuwa vifaranga wa siku moja. Alikuwa akiwanunua hapa mjini na kuwateremsha kule bondeni kwa vikundi vya akina mama waliokuwa wakifuga kuku. Maboksi aliyapanga kwenye kiti cha nyuma cha pikapu yake ya milango minne, akafunga vioo na kuwasha AC. Kule chini, ukifungua vioo, vumbi na upepo wa moto huwamaliza vifaranga, na ukifunga bila AC wanapikika ndani ya maboksi. Kwa hiyo AC ya Mama Chebet haikuwa anasa, ilikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Alieleza shida yake vizuri kabisa. "Inakufa nikifika huko chini, joto ikipanda. Nikirudi huku juu inafufuka."

Nilipima fyuzi, nikapima rilei, nikaunganisha geji na kuona gesi imejaa sawasawa. Nikawasha AC, ikapuliza baridi ya kutetemesha. Hapa kwetu, mwanangu, asubuhi tunavaa makoti. Hakuna AC inayosumbuka Eldoret. Kanuni ya karakana ilikuwa wazi: kasoro isipoonekana gari likiwa limesimama, fundi aliendeshe pale pale mteja anapoliendesha. Maana yake nilipaswa kupita mji wa Iten, ulio ukingoni mwa bonde, na kuteremka hadi chini.

Sikwenda. Wakati wa ghasia nilisimamishwa kwenye kizuizi cha mawe na magogo, katika barabara ile ile, na vijana wakaniomba kitambulisho. Kitambulisho hakikuwa na shida, shida ilikuwa jina. Mimi ni Kerubo, jina ambalo si la watu wa kule, na siku hizo jina tu lilitosha kusema umetoka wapi. Nilitoka pale salama, Mungu ni mwema, lakini tangu siku hiyo sikuwahi kuipita tena barabara hiyo. Magari yote niliyoyajaribu niliyazungusha mjini tu, kutoka getini hadi mzunguko wa barabara na kurudi, na hakuna aliyegundua. Pikapu ya Mama Chebet nayo nikaizungusha hivyo hivyo. Nikaandika: "Imeendeshwa. Hakuna kasoro." Mwezi uliofuata akairudisha, nami nikarudia maneno yale yale.

Nikuambie na lile baya zaidi, maana nasaha ya kuficha haina faida. Moyoni nilikuwa nimejisemea kwamba mama huyu ni wa wale wa kule, na wale wa kule wanapenda kulalamika. Nilimhukumu kwa kijiji chake, kama nilivyohukumiwa mimi kwa jina langu.

Mara ya tatu ilikuwa Alhamisi, na waranti ilikuwa inakwisha Jumamosi. Mama Chebet aliingia hadi kwenye meza ya mapokezi, akaweka boksi juu yake na kulifunua. Vifaranga wote walikuwa wamekufa, manjano yao bado yanang'aa.

"Mnasema gari haina shida," akasema. "Basi hii ni nini? Ni mimi nimewanyonga? Mimi si mwongo."

Mzee Barnaba, msimamizi wetu, alikuwa mtu wa maneno machache, karibu astaafu. Alifunika boksi taratibu, akamwagizia Mama Chebet kiti na chai, halafu akaniita kando na kadi mbili mkononi. Hakuangalia niliyoyaandika. Aliangalia kilomita, zile zinazoandikwa gari linapoingia na linapotoka.

"Kerubo, hii gari uliitest wapi?"

"Barabarani, Mzee."

"Barabara gani? Hapa ni kilomita nne. Hapa ni nne tena. Kerio imehamia mjini lini?"

Nilijaribu kujibu, nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kizuizi, kitambulisho, na jinsi nilivyokuwa nikigeuza gari kila nilipoona kibao cha Iten. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kuogopa si kosa," akasema. "Kuna mahali hata mimi sipiti mpaka leo. Ungeniambia, ningetuma mtu mwingine, na hakuna mtu angekucheka. Lakini wewe hukuandika 'naogopa'. Uliandika gari ni nzima. Huyo mama umemfanya mwongo mara mbili, na sahihi ni yako." Akanirudishia kadi. "Sasa, kesho nitume nani?"

Mwanangu, sijawahi kuaibika kama siku ile. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. Nilifuta pua kwa mkono wa overoli yangu ya pasi na kusema, "Nitaenda mimi."

Ijumaa asubuhi Mama Chebet akashika usukani, mimi pembeni na geji zangu, kipimajoto kwenye tundu la hewa, na nyuma maboksi matatu ya vifaranga wakilia kwa pamoja. Kabla ya Iten, karibu na pale niliposimamishwa, wanaume kadhaa walikuwa wameketi kando ya barabara. Mmoja akainua mkono. Mama Chebet akasimamisha gari!

Mtu yule akainama dirishani, akamsalimu, akaulizia vifaranga wake aliokuwa ameagiza. Kisha akanitazama. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni fundi wangu," akasema Mama Chebet, kwa ile sauti yake ya kufika mlima wa pili. "Anaitwa Kerubo."

Nilitamani kuingia chini ya kiti. Mtu yule akaitikia kwa kichwa. "Karibu, Kerubo. Tengenezea huyu mama gari, tunangojea kuku hapa."

Tulipoondoka Mama Chebet akasema bila kunitazama, "Ulikuwa unaogopa."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi pia. Ile mwaka nilikaa miezi tatu bila kuvuka Iten kuja huko kwenu mjini. Nilikuwa nasikia mambo." Akabadilisha gia. "Angalia hiyo saa yako ya baridi, tunaanza kushuka."

Tukateremka kona baada ya kona na joto likipanda nje hadi miti ikabadilika. Na AC, mwanangu? AC ikapuliza baridi vizuri ajabu! Tukafika chini kwenye tambarare, bado baridi. Mama Chebet akaanza kuitukana kwa lugha ya kwao. Mimi nikaanza kuomba, kweli kabisa, nikimwomba Mungu aharibu gari la mtu. Kama ingekataa kuharibika siku hiyo, waranti ingekwisha kesho yake na mama huyu angebaki na kadi tatu zinazomwita mwongo.

Tulisimama kwenye kituo kidogo cha biashara. Mama Chebet akateremka kugawa boksi la kwanza. Nilimwambia asizime injini, aiache ingurume pale pale juani. Zikapita dakika kumi. Kumi na tano. Kipimajoto kilikuwa bado chini. Nikaona sindano inatikisika, ikapanda kidogo, ikapanda tena. Nikaweka kiganja kwenye tundu la hewa. Ilikuwa inatoka hewa moto!

"Mama Chebet! Imekufa! Njoo, imekufa!"

Alikuja mbio akiwa bado na vifaranga wawili mkononi, akaweka shavu lake mbele ya lile tundu, na tukaanza kupiga kelele sisi wawili, jasho likitutoka, tukishikana mabega. Mama mmoja wa chapati aliyekuwa kando alituona tuna wazimu.

Sasa nikawa fundi kweli. Nilifungua boneti, nikagusa waya wa kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, kwa taa ya kupimia. Taa ikawaka. Umeme unafika! Lakini ile sahani ya klachi, iliyo mbele ya kompresa, ilikuwa imekaa tu, haizunguki. Ikanijia hapo hapo. Sahani hiyo huvutwa na sumaku ya umeme. Sumaku ikipata joto jingi hupungua nguvu, na kama nafasi kati yake na sahani ni kubwa kuliko inavyotakiwa, haiwezi tena kuivuta. Mjini kwenye baridi, sumaku ina nguvu tele na huwezi kuona shida. Nilihitaji kijiti kirefu cha kuisukuma. Nikamwomba yule mama wa chapati mwiko wake.

Usithubutu kuingiza mkono pale, mwanangu, mkanda unazunguka na vidole havioti. Nilisimama mbali kidogo, nikaisukuma ile sahani kwa ncha ya mwiko. Tak! Ikashika, kompresa ikaanza kuzunguka, na ndani ya gari baridi ikarudi juu ya vifaranga waliokuwa wameanza kutweta. Mama Chebet alipiga vigelegele. Mama wa chapati naye akapiga, ingawa hakujua ni vya nini.

Tulifikisha vifaranga wote wakiwa hai. Kisha nikazima injini, nikapima ile nafasi, nikaikuta karibu mara mbili ya inayoruhusiwa. Niliandika kila kitu pale pale: joto, saa, kilomita. Jumamosi asubuhi Mzee Barnaba akatuma madai makao makuu, ndani ya muda.

Ungedhani hadithi imeisha. Jumatatu jibu likaja kutoka Nairobi. Walisema gari hili lilikaguliwa mara mbili na kuonekana zima, na sasa kasoro imejitokeza siku ya mwisho, kwa hiyo wanashuku mteja na karakana wamepanga. Walitaka maelezo, la sivyo wangeyakataa madai.

Mzee Barnaba aliiweka karatasi mbele yangu. "Hiyo siwezi kukuandikia," akasema.

Nilijua la kuandika, na nilijua linaweza kunifukuzisha kazi. Nilikuwa nalisha mama yangu na ndugu wawili kwa kazi ile. Niliikalia karatasi hiyo hadi mchana. Mwishowe nikaandika kwamba kadi mbili za kwanza ni za uongo, kwamba sikuliendesha gari mahali mteja aliposema, kwamba niliiogopa barabara kwa sababu ya yaliyonipata wakati wa ghasia, na kwamba mteja alisema kweli tangu siku ya kwanza. Nikatia sahihi.

Madai yakakubaliwa. Mimi nikapewa barua ya onyo ya mwisho. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa uso nikaenda kufunga klachi mpya kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama Chebet alipokuja kuchukua gari hakuuliza habari za klachi. "Wameandika nini kwa kadi?" Nikamsomea: "Kasoro imeonekana. Mteja alisema kweli." Akainamia kadi. Kisha akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akavua kitambaa cha kichwani, akajifuta macho mbele ya wateja wote, akaondoka bila kuaga.

Ninachokuomba, mwanangu, ni hiki. Mtu akikuambia kitu chake hakifanyi kazi, mwamini kwanza, halafu mfuate hadi pale kinapomsumbua. Usikikague mahali panapokufaa wewe kisha ukasema ni kizima. Na ukiogopa, sema unaogopa, utapata wa kukushika mkono. Woga ukiufunika kwa sahihi yako, mzigo wake atabeba mtu mwingine asiye na kosa. Nchi hii imeshawaita waongo watu wengi waliokuwa wakisema tu wanaumia wapi, kwa sababu aliyepaswa kwenda kuona hakutaka kuipita njia yao.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe masikio ya kusikia wateja wako wote, wa jina lolote. Akulinde katika kila barabara utakayotumwa, na unaporudi, jina lako liwe salama kwenye kadi uliyoiandika. Amina.