Sahani za Chumba cha Uani

Mlango wa chumba cha uani nyumbani kwetu Barani, Malindi, ulikuwa haufunguki wote. Unausukuma, unapenyeza bega, halafu unagota. Nyuma yake mama alikuwa amerundika vyombo mpaka usawa wa dirisha: sahani za bati, mabakuli, masinia, makopo, vikapu vilivyotoboka. Mimi wakati huo, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa nafundisha shule huko Tezo na kurudi Malindi kila mwisho wa mwezi, na kila nikirudi lazima nigombane na chumba kile. Mama alikuwa na jibu moja tu, "N'tavitoa, mwanangu." Hakutoa hata kijiko.

Kisha dada yangu akaachwa. Habari zilinifikia kwamba anarudi nyumbani na watoto wake, na nyumba ya mama ilikuwa na vyumba viwili tu: anacholala yeye na kile cha vyombo. Hao watoto walale wapi, juu ya masinia? Nilifika Barani nimeshapandwa na hasira tangu stendi. Jumamosi asubuhi, mama hajamaliza chai yake, nilikuwa nimeshamwita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na mkokoteni wake.

Mama akakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akanitazama nikitoa vitu. Makopo yakatoka, akapiga funda la chai. Vikapu vikatoka, funda jingine. Nilipobeba rundo la kwanza la sahani, aliruka kama msichana, akainyakua ya juu na kuikumbatia.

"Hii si yangu."

"Ya nani?"

"Ya bibi wa nyumba ya mbele."

"Na hii?"

"Ya mke wa Mhindi wa duka."

Nilicheka, nikidhani ni hila zake za kila siku. Kisha nikaanza kuzipindua. Wanawake wa mtaa wetu hutia alama chini ya vyombo ili visipotelee kwenye arusi za watu. Nyingine zilikuwa na vitone vyekundu vya rangi ya kucha vya yule bibi wa mbele, nyingine msalaba mdogo wa samawati wa yule mama wa bara aliyekuwa akiuza mboga. Mama alama yake ilikuwa mstari wa kijani. Nilipindua rundo zima, nikalifuata la pili, na la pili likaisha. Mstari wa kijani sikuuona hata mmoja.

Nilimtazama mama yangu, mtu asiyekosa sala hata moja, na jambo la aibu likanijia kichwani, likanitoka mdomoni kabla sijalizuia.

"Mama, umeiba vyombo vya watu?"

Heri angenitukana. Aliinamisha uso, akasema polepole, "Vilikuja na chakula. Baba yako alipokufa, nyinyi wadogo. Mtu akikuletea chakula, utamrudishiaje sahani tupu? Na mimi sikuwa na cha kutia. Nikawa nasema kesho. Ikifika kesho, yuaja mwengine na sahani nyengine. Ukapita muda, n'kaona haya hata kuzirudisha."

Baba alikufa nikiwa darasa la pili, na njaa siikumbuki. Ninachokumbuka ni ule wali wa nazi wa Ijumaa. Niliwatambia wenzangu shuleni kwamba hakuna anayepika kama mama yangu, na mmoja alipobisha, tulipigana.

"Wali wa Ijumaa?" nikauliza.

Mama akaigusa sahani ya vitone vyekundu.

"Na zile chapati laini?"

Akaonyesha sahani ya kina Mhindi.

"Na samaki wa kupaka?"

Vitone vyekundu tena.

"Mahamri yalikuwa yangu," akasema kwa haraka, kama anayeogopa nisije nikamnyang'anya na hayo.

Mnunuzi wa vyuma alikuwa bado amesimama mlangoni, anatutolea macho. Nikamwambia achukue makopo aende zake. Sahani na vyombo vingine vya watu tukavisukumia chini ya kitanda cha mama, tukafagia chumba, tukatandika mikeka na magodoro. Kisha mama akakanda unga, nami nikapuliza moto. Tulikubaliana tuanze na bibi wa mbele.

Dada alifika alasiri, uso umemvimba kwa kulia, watoto wamechoka hata kusalimu hawawezi. Mimi nikaifunika ile sahani ya vitone vyekundu, imejaa mahamri ya moto, nikavuka njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mama amesema nikurudishie sahani yako. Anaomba radhi imechelewa."

"Sahani gani tena?" Akamimina mahamri kwenye sinia lake, akaipindua, akaisogeza machoni. Kisha akacheka mpaka akashika kizingiti. "Hebu mtazame mama yako! Mie hii nimeisahau zamani!"

Nilishtuka kuliko asubuhi. Miaka yote ile mama alikuwa akipita kichochoro cha nyuma ili wasikutane.

Bibi aliingia jikoni, akakaa kidogo. Alipotoka, sahani ilikuwa imejaa tena, wali wa nazi na samaki wa kupaka juu yake.

"N'mesikia dada yako yuaja na watoto," akasema. "Wape wale kabla hawajalala."

Sikuweza kukataa. Niliibeba kwa mikono miwili, nikavuka nayo, machozi yananitoka mbele za watu. Watoto walikula wakalamba vidole, na mdogo wao akauliza kama nyanya ndiye aliyepika.

Mama akaiosha sahani, akaifuta, akasimama nayo kwenye mlango wa chumba cha uani, uliokuwa wazi wote. Akanitazama, anangoja niseme iwekwe wapi.

Nikaipokea mkononi mwake, nikaingia, nikaiweka mwenyewe dirishani, juu ya vichwa vya watoto waliokwisha lala.