Umeme wa Kufika Kisian

Wenzake waliosomea hisabati walibaki Nairobi kutafuta kazi za benki. Seline Aoko alirudi Kisumu, mwaka wa 1991, kupanga safari za vigari vya maziwa. Mwenye kampuni, Bwana Gordon, alikuwa amenunua vigari vitatu vya betri vilivyochakaa huko Ulaya. Havikunguruma wala kutoa moshi, lakini chaji ikiisha njiani, vilivutwa kwa kamba.

Seline alivipenda. Alipima kila kipande cha barabara: kigari kikijaa kinakula umeme kiasi gani, kikipanda mlima je, kikirudi kitupu je. Kisha akawapangua wateja, huyu mbele, yule nyuma, mpaka akapata mzunguko uliokula umeme kidogo kuliko mingine yote. Vigari viwili vikaitii hesabu yake. Cha dereva Waliaula, cha kwenda Kisian, kikazima njiani mara mbili, maziwa yakaharibikia juani.

"Kikizima tena nauza vyote kama vyuma," Gordon akasema. "Na wewe ukafundishe shule."

Wengine wangerudi kwenye karatasi. Seline alipanda kigari, akaketi kando ya Waliaula. Kabla ya soko la Otonglo, dereva akakata kushoto ghafla, akaingia njia ya udongo mweusi. Magurudumu yakaanza kuzama, na mshale wa chaji ukashuka.

"Baba, tunaenda wapi?"

"Kisian."

"Kisian iko mbele. Huku ni ziwani kwa viboko!"

Waliaula akainamisha kichwa. "Pale sokoni kuna mama anauza ndizi. Ni mama ya bibi yangu. Sisi Wabukusu hatukutani na mama mkwe hivi hivi."

"Na hukuniambia?"

"Madam, uliniuliza uzito wa kreti. Wakwe hukuuliza."

Seline alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akamlaza Waliaula katikati ya kreti, akamfunika turubai, akashika usukani mwenyewe, akarudi barabarani.

Sokoni mama wa ndizi akasimama. "Leo dereva ni mwanamke! Yule mkwe wangu mmemfukuza?"

"Hapana, Mama. Yuko kazini."

Turubai halikutikisika.

Walifika Kisian, wakarudi kwa nguvu ya betri, na Gordon aliyekuwa langoni na kamba mkononi akaitupa chini. Kesho yake Waliaula alipewa mzunguko wa mjini, na dereva mwenzake Zadock, ambaye wakwe zake walikuwa mbali Sondu, akapewa Kisian. Tangu hapo kila dereva mpya, kabla ya kuonyeshwa kigari, aliulizwa na Seline alikooa.