Ng'ombe wa Kupewa na Kamera ya Birere

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu shangazi yangu alicheka mpaka akaacha kuchambua maharagwe. Nilikuwa kijana, naishi kwake mtaa wa Mabanga, hapa Goma, na nilikuwa nimemaliza kumweleza, kwa uso mzito kabisa, kwamba nataka kumuuza ng'ombe wangu ninunue kamera.

Usinicheke na wewe. Jana uliponionyesha kwenye simu ile kamera uliyoiona kwenye maduka ya Birere, ukasema utauza cherehani ya marehemu mama yako ili uipate, nilijiona mwenyewe. Mimi mjomba wako nilikuwa na kakamera kadogo ka filamu, nikipenda picha kama wengine wanavyopenda mpira, bila kulipwa na mtu. Na huko huko Birere palikuwa na kamera yenye lenzi ndefu kama termosi ya chai. Usingizi ulinipotea kwa ajili yake.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Gaju. Nilipewa na Muzee Bahati, rafiki wa baba yangu kule milima ya Masisi, nilipopata diploma, na ng'ombe akabaki huko huko kwenye zizi la baba. Wewe umezaliwa mjini, acha nikueleze: kwetu ng'ombe wa kupewa ni urafiki. Akizaa, unampelekea aliyekupa ndama jike, na hapo nyumba mbili zimekuwa moja. Kumuuza kabla ya hapo ni kumwambia mzee wa watu kwamba humtaki. Nilijua hayo yote, lakini tamaa haina masikio.

Shangazi alipomaliza kucheka alileta picha zangu, akazitandaza kwenye mkeka.

"Huyu ni nani?"

"Ni bibi harusi."

"Sura yake iko wapi? Minaona mugongo tu. Na huyu?"

"Ni pasta."

"Mugongo tena!" Akaniangalia kwa huruma. "Sema kweli. Kamera njo inaogopa batu, ao ni weye?"

Aliyeogopa watu ni mimi. Kwenye sherehe nilikuwa nasimama nyuma kabisa, karibu na masufuria, na ile lenzi ndefu niliitaka ili niendelee kusimama huko huko. Shangazi hakunikataza kuuza. Aliniambia niende Masisi, nimpige Muzee Bahati picha ya uso kwa kamera niliyo nayo, kisha nimwombe ruhusa ya kumuuza Gaju kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikapanda lori. Muzee alinipokea kwa maziwa, na kwetu hukatai maziwa ukaanza kutaja biashara. Tukanywa. Akauliza habari za masomo, akaniambia Gaju ana mimba, na furaha yake ilikuwa ya babu anayengoja mjukuu. Nikaomba picha tu, na nilipoanza kurudi nyuma kama kawaida yangu, akaniita.

"Unaenda wapi, mutoto yangu? Ikala hapa karibu, tuzungumuze."

Basi nikapiga huku tunaongea. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, mwanga wa asubuhi usoni, povu la maziwa bado liko kwenye masharubu. Habari ya kuuza sikuigusa.

Picha iliposafishwa, niliikazia macho muda mrefu. Kati ya picha zangu zote, ile ndiyo ya kwanza iliyokuwa na mtu ndani yake. Baadaye nilinunua lenzi fupi, ya mtumba, inayoona vizuri ndani ya nyumba zetu za giza, na vijisenti vyangu vikatosha. Gaju akazaa jike, tukampelekea mzee kwa nyimbo.

Miaka ilipita, Muzee akafariki. Kisha vita vikawafukuza watoto wake, wakaingia Goma na nguo walizovaa. Binti yake mkubwa alikuja kuniuliza kama bado nina picha ya baba yao, maana zao ziliungua pamoja na nyumba. Nilipompa aliikumbatia akalia, nami nikalia naye, sioni haya kusema.

Kwa hiyo, mwanangu, kununua sikukatazi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mbachao ukitoboka kweli, nani atakulaumu? Tandaza kwanza picha zako zilizoharibika, uzihoji moja moja. Kama tatizo ni giza, tafuta lenzi inayopokea mwanga mwingi, ya mtumba pia inafaa, na kamera uliyo nayo iache ifanye kazi. Kama tatizo ni kuona haya mbele ya watu, Birere hawauzi dawa yake. Ukienda dukani, imulike lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu, piga picha papo hapo, na muuzaji akikuharakisha, rudi nyumbani ulale, kizuri chajiuza. Bakiza pesa ya betri ya pili, maana umeme wetu unaujua. Lakini kitu kinachokuunganisha na mtu usikiuze, hata kama kimekaa kona bila kazi. Kamera nyingine itakuja. Dada yangu hatakuja kukushonea tena.

Mungu akupe macho ya kuona na moyo wa kukaribia. Unaowapenda wakae mbele ya kamera yako miaka mingi, na wazeeke humo ukiwatazama. Amina, mwanangu.