Usukani wa Shemeji

Mume wangu ndiye mkubwa. Alitangulia kuzaliwa, alitangulia kuota ndevu, alitangulia kuoa, na ndiye aliyemfundisha mdogo wake kufunga ndoana. Lakini ukija kwenye boti, mdogo ndiye nahodha, na mkubwa ni mtu wa nanga. Watu wa gatini wanamwita Nanga, naye anaitika huku anacheka. Mimi ni mpishi wa boti hiyo hiyo. Kila nikisikia jina hilo roho inaniuma, utadhani nimetukanwa mimi.

Yeye hana wivu. Ninalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wamesema mengi. Wivu wote wa nyumba yetu ninao mimi, wangu na wake. Shemeji akinunua miwani ya jua, naiona kabla mkewe hajaiona. Mkewe akipita mtaani na mwavuli mpya, moyoni nasema, ule mwavuli ulikuwa wetu. Nikimwambia mume wangu, "Kwa nini yeye?" ananijibu, "Mbele kwenye nanga kunanitosha, mama." Basi nazidi kuchukia. Mtu mzima unatoshekaje na mbele?

Boti yetu huchukua wageni wanaopenda kuvua, ikawapeleka kwenye miamba ya mbali, wakalala huko siku kadhaa. Jiko langu ni upana wa mtu mmoja, na kabla sijaajiriwa waliniuliza kama ninapanga kunenepa. Jiko la gesi lina vyuma pembeni vya kushika sufuria zisiruke, na chini ya sahani natandika kitambaa kibichi zisiteleze. Mbele yangu, hatua moja tu, ni chumba cha usukani, na mlango wa katikati haufungi vizuri. Kwa hiyo miaka yote hiyo nimepika huku nautazama mgongo wa shemeji. Naujua mgongo ule kuliko mkewe anavyoujua.

Safari ninayoisimulia, tajiri mwenye boti alipanda pamoja nasi. Alikuwa amenunua boti nyingine kubwa, ya zamani anaiuza, na wafanyakazi wote tungehamia ile mpya. Nahodha wa boti mpya alikuwa bado hajamtaja. "Nataka nione kwanza," alisema. Neno hilo lilinitosha. Nilipakia vitunguu na mchele.

Tulitoka hali ya hewa ikiwa ya mashaka na tulipofika kwenye miamba ikawa mbaya. Upepo ulivuma bila kupumzika, mvua inakuja na kuondoka. Mgeni mmoja, daktari wa meno, alilala sakafuni amekumbatia ndoo, akaapa kwamba akifika nchi kavu hatawaambia tena wagonjwa wake wavumilie. Lakini shemeji aliisoma mashine ya kupima kina cha maji, akaisogeza boti kidogo kidogo, akatuweka juu ya samaki. Chewa wakapanda, changu wakapanda, wageni wakasahau kutapika. Hata daktari alisimama akadai mshipi wake.

"Huyu kijana ana macho chini ya maji," tajiri akasema.

Chanda chema huvikwa pete, nikajisemea, nikakata kitunguu kwa nguvu kuliko kilivyostahili. Nani alikuwa ameishusha nanga pale, katika mkondo ule, ikashika? Nani alisimama mbele analowa mpaka kwenye mifupa? Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Alasiri ya siku hiyo nilimpelekea tajiri chai, nikamwambia kwa upole kabisa, "Tajiri, umesema unataka kuona. Mkubwa hujamwona bado."

"Anaweza?"

"Nani alimfundisha mdogo?"

Tajiri akacheka, akaita, "Nahodha, kesho mpe kaka yako usukani, wewe kaa mbele. Mnasemaje?"

"Nahodha wengi chombo huenda mrama," shemeji akatania, kisha akasema, "Mimi sina neno. Kaka ndiye mwalimu wangu."

Mume wangu alinitazama. Alijua neno limetoka wapi. Akasema, "Sawa," kwa sauti ndogo, akaenda kukunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mimi nikaona ni haya ya mtu mwema. Usiku huo nililala nikiwa mke wa nahodha.

Sasa lazima nieleze nanga, maana bila hiyo hutaelewa. Nanga ya kwenye miamba hufungwa kwa ujanja. Mnyororo haufungwi kichwani mwake, unafungwa chini, upande wa makucha, halafu unashikizwa kichwani kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa kwenye jiwe, boti inavuta, uzi unakatika, nanga inageuka na kutoka kinyumenyume. Kazi yote iko katika kujua uzi uwe na nguvu gani. Bahari ikitulia, mizunguko michache inatosha. Bahari ikichafuka lazima uongeze, la sivyo wimbi lenyewe litaukata na mtaondoka mkidhani mmetulia.

Mume wangu alikuwa ameufunga uzi ule safari inaanza, kabla upepo haujakaza. Asubuhi ya zamu yake ya usukani hakuugusa. Mtu wa nanga leo ni mdogo wangu, alifikiri, ataufunga upya mwenyewe. Shemeji naye alifika mbele, akakuta nanga imeshafungwa na mkono wa kaka yake. Fundo la kaka halikaguliwi. Angelifungua ingekuwa kama kumwambia mbele ya tajiri kwamba hajui kazi. Kwa heshima akaishusha vilevile.

Kwa muda kila kitu kilikwenda vizuri. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kiti, mgongo wake mpana umejaa pale nilipozoea kuuona wa mwingine, nami nilipika mayai huku naimba. Wageni na tajiri walikuwa nyuma na mishipi yao. Nyuma yao zaidi, mbali kiasi, maji yalikuwa yakivunjika meupe juu ya mwamba.

Mawimbi makubwa yalikuja yakifuatana. La kwanza liliinua boti, la pili likaivuta, na nikasikia chini kitu kama mtu amekata uzi kwa meno. Boti ikalegea. Mimi si baharia, lakini mpishi hujua boti inaposhikwa na inapoachwa, sufuria humwambia. Tulikuwa tunarudi nyuma, kuelekea kwenye yale maji meupe.

"Baba watoto," nikasema.

Mikono yake ilikuwa juu ya usukani kama mikono ya mtu anayepigwa picha. Nikamwita tena. Akasema polepole, bila kugeuka, "Sijui niende wapi."

Shemeji aliingia anadondosha maji, akausukuma mlango wa nyuma kwa kisigino ukafunga, walio nje wasisikie. Nilidhani angemtoa kakaye kwenye kile kiti. Ningekuwa mimi, ningemtoa. Yeye akachutama nyuma ya bega lake, chini ya kioo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Kaka, washa."

Mkono ukawasha.

"Peleka mbele. Kulia kidogo. Ngoja, liache hili lipite. Sasa ongeza. Ongeza tena, kaka. Hapo hapo."

Hakuugusa usukani hata kwa kidole. Boti ikageuza uso kwenye mawimbi, ikapanda, ikashuka, na maji meupe yakaanza kubaki nyuma. Nje wageni walikuwa wanapiga kelele, mmoja anamwita mama yake. Tajiri, ameshika nguzo, alichoona kupitia kioo cha mlango ni mgongo mpana wa mume wangu kwenye usukani na boti inatoka kinywani mwa mwamba.

Shemeji aliporudi mbele kuvuta nanga, nilimpelekea mume wangu chai. Kikombe kilimshinda kushika, nikamshikia.

"Ndiyo maana," akasema.

"Ndiyo maana nini?"

"Mwenye boti wa kwanza alinipa mimi usukani, kabla ya Dogo. Nilishindwa siku hiyo hiyo, hivi hivi. Dogo alikuwepo. Hajawahi kumwambia mtu."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungenitazama hivyo unavyonitazama sasa."

Nikainamisha macho. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu alikuwa ameuficha miaka yote na tukazaa na kulea. Nilikuwa nimekasirika naye, nimekasirika na nafsi yangu, na zaidi ya wote nilimkasirikia shemeji, kwa sababu hakunibakizia hata sababu moja ya kumchukia.

Siku ya kurudi bahari ilikuwa bado inatupiga lakini kwa uvivu. Tajiri aliwakusanya watu nyuma ya boti. Akasema ameona kwa macho yake, akasema boti mpya inataka mtu asiyepaparika, akamwekea mume wangu mkono begani. "Nahodha nimempata," akasema. Wageni wakapiga makofi. Daktari wa meno alitokwa na machozi. Shemeji naye alipiga makofi, na macho yake yalikuwa kwa kaka yake tu.

Mume wangu akageuka akanitafuta mimi.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko na taulo la kufutia mikono. Nilichokuwa nakitamani kwa miaka kilikuwa kimeletwa mezani kimeiva, na mimi ndiye niliyekipika. Angekubali, hata safari moja isingefika mwisho bila mwamba mwingine, na shemeji asingekuwa nyuma ya bega lake kila mara. Angekataa mwenyewe, angeulizwa kwa nini, na mume wangu hajui kudanganya. Angesema kweli mbele ya wote, na gatini wangepata jina jingine la kumwita.

"Tajiri," nikasema, "mimi sitaki."

Watu wakageuka.

"Nahodha anapigwa picha na kila mgeni. Nimewaona wageni wa kike wanavyomshika mkono, eti wafundishwe kushika usukani. Huyu ni wangu. Mimi nina wivu, tajiri, sitapata usingizi. Mwache mbele na nanga yake, huko hakuna anayemfuata."

Kicheko kilichozuka pale kilishinda mawimbi. "Mama," tajiri akasema anafuta macho, "wivu huo utawanyima riziki."

"Bora tunyimwe."

"Nawe Nanga unasemaje?"

"Mke amesema," mume wangu akajibu, na yeye akacheka. Alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni, akapigwa mabega na wageni, akawaambia, "Mnaona mambo yangu nyumbani?" Basi usukani ukarudi kwa shemeji. Shemeji peke yake ndiye hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyomwamkia mama yake. Hapo nikamwonea wivu mkewe, wivu wa kweli, si ule wa mwavuli.

Siku hizi tuko kwenye boti mpya. Jiko ni kubwa, napita mbele na nyuma bila kujikwaruza. Bado natazama mgongo wa shemeji. Mume wangu yuko mbele, anafunga uzi wake, na sasa mdogo wake huenda kuukagua kila asubuhi, na yeye humpa aukague. Mume wangu hajawahi kunitajia siku ile. Gatini mimi ndiye Mama Wivu. Wanawake wa sokoni wananihadithia kisa changu mwenyewe, jinsi nilivyomnyima mume wangu cheo.

Juzi mke wa shemeji alikuja kututembelea. Tulikaa barazani, yeye, mimi na mume wangu. Akanishika goti kwa huruma ya dhati, maana ni mtu mwema na mumewe hakumwambia kitu, akasema, "Lakini dada, ungemwachia tu. Mwanamume alikuwa ameshafika. Wivu gani huo wa kumzibia riziki mumeo mwenyewe?"

"Ndivyo nilivyo," nikamjibu.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakoroga chai yake. Aliikoroga vizuri, akaonja, akaomba aongezewe sukari, nami nikamwongezea.