Sungura wa Ng'ombe na Sungura wa Pongo

Masikio ya sungura wawili weupe yako safi mno. Hilo ndilo Roselyn Awino analoliona kwanza asubuhi hii: alama za wino za kuwatofautisha hazipo, si kwa huyu wala kwa yule.

Nje ya banda, Bwana Ratemo, fundi wa maabara, anachemsha wembe. Leo ni siku ya kuwatoa damu.

Roselyn ana miaka kumi na tisa. Aliacha shule darasa la tano huko Asumbi. Tangu mwaka jana, 1966, analisha sungura katika kituo kidogo cha kuchunguza mbung'o, inzi waenezao malale, bonde la Lambwe. Mshahara ni shilingi themanini kwa mwezi. "Mama hana mshahara mwingine wa kutegemea," anajisemea, macho kwenye ndoo.

Sungura mmoja alidungwa sindano za damu ya ng'ombe, mwenzake za pongo, yule swala wa vichakani. Kila mmoja, damu yake imejifunza kumtambua mnyama wake tu. Mbung'o akikamatwa, alichokunywa humiminwa taratibu juu ya maji maangavu yaliyojitenga na damu ya sungura ndani ya kichupa chembamba. Ikitokea pete nyeupe, mnyama aliyeumwa amejulikana.

Sungura wakibadilishana vibanda, mbung'o wa pongo ataandikwa kuwa wa ng'ombe. Na wafugaji wameshaambiwa: ikionekana ng'ombe ndio wanaolisha mbung'o, mifugo yote itahamishwa kutoka bondeni. Baba yake Roselyn ana ng'ombe sita humo.

Ratemo anaingia, wembe mkononi. Humwita kwa Kijaluo, binti wa Asumbi. "Nyar Asumbi, nishikie wa ng'ombe."

Roselyn hasogei.

"Umeota mizizi, binti?"

"Bwana, sijui ni yupi."

"Vibanda vina namba."

"Jumamosi niliosha vibanda. Wote niliwaweka kapu moja."

Ratemo anageuza sikio moja, kisha la pili. Halafu anachukua damu kidogo kwa kila sungura, maji yake anayatia kichupani pamoja na damu ya ng'ombe, anapanga vichupa dirishani na kutazama saa.

Roselyn anafagia mahali alipokwisha kufagia.

Baada ya saa nzima, kichupa cha sungura aliyekaa kibanda cha pongo kina pete nyeupe. Ndani yake mlitiwa damu ya ng'ombe.

"Walibadilishana," Ratemo anasema. "Ningepeleka uongo kwa wakubwa Homa Bay kwa mkono wangu." Anafungua daftari. "Lakini wino huu hautoki kwa maji. Niandike nini? Panya waliulamba?"

Roselyn angeweza kunyamaza, kunyamaza anakujua. Anaweka ufagio chini.

"Ni mimi. Masikio yao yalipasuka kwa wembe tulipowatoa damu mara iliyopita, nikayapaka samli, kama mama anavyowapaka ndama. Wino ukatoka nayo." Anasogea kwenye vichupa. "Nifukuze kama ni lazima, Bwana. Lakini kwanza nifundishe kuitengeneza ile pete. Nataka niwe naiona mwenyewe, maana ndiyo itakayoamua kama ng'ombe wa baba watabaki."