Masuke ya Darini

Kwenye mashine za kukoboa mpunga mjini Mpanda, neno "supa" limeandikwa kutani, kwenye viroba, hata kwenye fulana ya mpakiaji. Waingereza hulitumia wakifurahia chakula au mechi. Walilitoa kwa Walatini, ambao kwao halikuwa sifa hata kidogo. Lilimaanisha "juu" tu, kama chungu kilivyo juu ya mafiga. Nimelisikia katika bandari nyingi. Aliyenifanya nilielewe ni Kabula wa Kakese, asiyejua Kilatini wala Kiingereza.

Kabula alihamia huku kutoka Usukumani, akifuata ng'ombe wa mumewe, na mbegu ya mpunga ya mama yake ndani ya kibuyu. Ng'ombe wakaisha, mume akafa, mbegu ikabaki. Kila msimu aliingia shambani na kisu kabla mtu mwingine hajaanza kuvuna, akakata masuke yaliyo bora, akayatundika darini juu ya jiko ili moshi uyakinge na wadudu. Hayakuguswa.

"Mwaka wa ukame tulikula maembe mabichi na chumvi," aliniambia, "mbegu inatuangalia."

Mwaka jana dalali alipita Kakese akitaka sampuli. Mwenye mchele mzuri kuliko wote angenunuliwa mavuno yake yote. Manyanda, mtoto mkubwa wa Kabula, mwenye mke na watoto wanne, alipanda darini siku mama yake alipokwenda msibani Kasekese. Alitaka debe moja tu. Mwendesha mashine akamwambia mashine haiwashwi kwa debe moja. Akarudi, akachukua yote.

Mpunga ukishakobolewa hauoti. Manyanda analijua hilo tangu utotoni.

"Mayu, mbegu zipo dukani," alimwambia mama yake aliporudi. "Na dalali kasema yetu ni supa!"

"Nilijua kabla hujazaliwa. Kwa nini unadhani niliiweka kule juu?"

"Kaisifia sana, mayu."

"Basi mwambie aipande."

Dalali hakurudi. Kabula alikaa siku mbili na ungo, akitafuta katika mchele ule punje ambazo mashine ilizikosa, zenye maganda bado. Mashine ilikuwa mpya. Alipata kumi na moja. Akazilaza kwenye kitambaa chenye maji, akazichungulia asubuhi na jioni kwa wiki mbili, mpaka zikanuka.

Nilifika kwake mvua za kwanza zikinyesha. Majirani walikuwa majarubani. Manyanda alikuwa akipanda mbegu ya dukani, bila kuitazama nyumba. Kabula alinipakulia wali. Harufu yake iliingia hadi kwenye nguo. Juu ya jiko zilining'inia kamba tupu, nyeusi kwa masizi.

"Kula, mgeni. Malizia."

"Na wewe, mama?"

"Mie sili mbegu."